Nyuzi za gitaa zinakwaruza freti ya 1 hadi ya 5 baada ya kutoka seti ya 10 kwenda 9

Mkuu, umesema kwenye gitaa lako umetoa seti ya nyuzi za 10–46 ukaweka 9–42 (namba hizo ni unene wa nyuzi, kwa elfu za inchi), na sasa nyuzi nene tatu zinakwaruza kuanzia freti ya 1 hadi ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) huku juu kukiwa safi. Umeambiwa shingo imekufa. Haijafa. Nyuzi nyembamba zinavuta kidogo, lakini trasrodi, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, bado inavuta nyuma kwa nguvu ileile ya zamani. Shingo imenyooka kupita kiasi au imebinuka kinyume, na uzi ukitikisika unagonga freti za mbele yake.

Mahali panapokwaruza ndipo penye jibu, kwa hiyo usizungushe chochote kabla ya kupita freti moja moja. Kwenye freti ya 1 hadi ya 5, tatizo ni shingo. Kuanzia ya 12 kwenda juu, mara nyingi nyuzi ziko chini mno. Uzi ukikwaruza ukipigwa wazi tu, ni nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi karibu na kichwa. Noti moja tu ikisumbua, freti ya mbele yake imeinuka.

Sasa pima. Tyuni kwanza. Bana freti ya 1 kwa kapo, kile kibanio cha shingoni, kisha bonyeza uzi wa 6, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya 17. Uzi huo sasa ni rula yako. Gonga uzi kwa kidole juu ya freti ya 7: unatakiwa ushuke kidogo sana na utoe "tik" ndogo. Kwa kipimo, nafasi hiyo iwe kama 0.25 mm, fila geji ya mafundi wa magari, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, inatosha kabisa. Ikiwa uzi umeshalala juu ya freti, hakuna "tik", tatizo umelipata.

Legeza trasrodi kinyume cha saa, robo mzunguko, basi. Tumia alenkii, ufunguo wa pembe sita, inayoingia bila kucheza, kwa sababu tundu la trasrodi likishalika, kazi ya dakika kumi inageuka ya kung'oa shingo. Gitaa nyingi za Asia zinachukua mm 4 au mm 5. Za Marekani hutumia inchi, na hapo usilazimishe ya milimita. Tyuni tena, subiri kama dakika 15, pima upya. Ikibidi ongeza robo nyingine, kisha angalia tena kesho yake, maana mbao hujibu polepole. Ukihisi ugumu usio wa kawaida, acha.

Shingo ikikaa sawa ndipo uguse kimo cha nyuzi, si kabla. Wengi hukosea hapa: wanainua vikalio vya nyuzi darajani mpaka gitaa linakuwa gumu kama waya wa uzio, na freti za chini bado zinakwaruza. Kwa gitaa la aina ya Stratocaster, anza na 1.6 mm kati ya freti ya 17 na tumbo la uzi. Ukipiga kwa nguvu, uzi wa 6 upandishe hadi 2 mm. Ukishagusa vikalio, hakikisha noti ya freti ya 12 inalingana na hamoniki yake (sauti ya uzi ukiguswa tu hapo bila kubonyezwa) kwenye tyuna.

Nati ipime hivi: bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Lazima uone mwanga mwembamba. Usipouona, weka kipande kidogo cha karatasi ya alumini ndani ya mfereji wa uzi huo. Mkwaruzo ukiisha, mfereji umelika. Supaglue na unga wa baking soda vinaujaza, kisha unachongwa upya taratibu.

Freti iliyoinuka inajulikana kwa ukingo wa kadi ya benki: ulaze juu ya freti tatu, ukicheza kama bembea ile ya katikati imepanda. Kusawazisha freti mpelekee fundi mwenye vifaa.

Halafu chomeka kwenye amplifaya. Mkwaruzo mdogo unaosikika gitaa likiwa kavu na usiofika kwenye spika hauna madhara. Na kama unachosikia ni mvumo unaokatika ukishika nyuzi, hilo ni suala la umeme wa gitaa, freti hazihusiki.