Unataka kufufua milingi ya CNC ya zamani? Programu ichague mwisho

Watu wanaonitafuta kuhusu hizi milingi za CNC za zamani, mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta, karibu wote wanaanza na swali moja, niweke Mach3 au LinuxCNC, yaani programu ipi ya kompyuta iendeshe mashine, na wengine wameshanunua hadi kompyuta. Mi huwa nawarudisha nyuma kidogo: fungua kwanza kabati la umeme, niambie draiva za mota, vile visanduku vinavyozipa mota umeme, ni za aina gani na zinataka signali gani. Ukishajua hilo, nusu ya programu ulizokuwa unazifikiria zinajifuta zenyewe, zilizobaki ndo tunaweza kukaa tukabishana.

Maana kinachokufa kwenye mashine ya miaka ya 1980 mara nyingi ni kontrola tu, yaani kompyuta yake ya ndani. Skrini imezima, kadi zimechoka, betri ya memori imeisha na parameta zote zimefutika. Chuma chenyewe kipo, kizito, reli nzuri, bolskrubu (skrubu zinazosukuma meza) bado nzima, na mota nyingi bado zinazunguka fresh. Kwa hiyo usiingie na hasira ya kung'oa kila kitu eti unaweka vipya, unaweza ukatupa sevo nzuri, mota zinazojirekebisha kwa kusomwa zilipo, afu ukaweka stepa mota, zile zinazosogea hatua kwa hatua, ambazo hata hazifikii spidi ya mwanzo.

Ukikuta sevo za DC zenye brashi, nyuma zina takomita (kipima spidi) na enkoda (kisoma nafasi), na draiva yake inaendeshwa kwa volti kuanzia -10 hadi +10, hapo jua unahitaji programu inayoweza kufunga luupu ya pozisheni yenyewe, yaani inasoma enkoda, inalinganisha na pale mhimili (mwelekeo mmoja wa mashine kusogea) unapotakiwa kuwa, inatoa volti ya kusahihisha, tena mara 1000 kwa sekunde. LinuxCNC imezaliwa kwa kazi kama hii. Ilianza kama mradi wa NIST kule Marekani, taasisi ya serikali ya vipimo na viwango, ikiitwa EMC, na walikuwa wanaijaribu kwenye mashine halisi za viwandani, ndo maana mambo ya sevo haibabaiki nayo. Unaipa kadi ya Mesa, kampuni ya kadi za kuunganisha kompyuta na mashine, mfano 7i77 yenye matokeo sita ya analogi na sehemu sita za kusoma enkoda, na draiva zako za zamani zinabaki kazini. Mach3 peke yake haifungi luupu, yenyewe inatoa palsi (mipigo mifupi ya umeme) za stepu na uelekeo basi, ukitaka analogi lazima kuwe na kontrola nyingine ya nje inayofanya hiyo kazi.

Kabla hujaamua kubaki na draiva za zamani zijaribu. Toa mkanda unaounganisha mota na skrubu, washa draiva, hakikisha imeruhusiwa kuzunguka, afu ipe betri ya volti 1.5 kwenye ingizo la analogi. Mota ikizunguka taratibu bila kutetemeka, ukigeuza betri nayo ikageuka, hiyo draiva ni mali. Mkanda toa kweli, usifanye uvivu, kwa sababu volti 1.5 ni asilimia 15 ya spidi yote na meza ikikimbia hivyo itafika mwisho kabla hujachomoa waya.

Enkoda nayo usiiamini kwa sura. Ikiwa inatoa palsi za mraba za volti 5 uko salama. Ila mashine nyingi za Ulaya zina skeli za kioo za Heidenhain zinazotoa mawimbi madogo sana ya mkondo, hizo zinahitaji kiboksi cha kuzigeuza ziwe palsi, na mashine nyingine hazina enkoda kabisa, zina rizolva, kisoma nafasi cha koili. Vyote vina dawa, kuna hadi kadi za Mesa za kusoma rizolva, lakini dawa hiyo iingie kwenye bajeti mapema maana hapo ndo watu hukwama mradi ukakaa kwenye kona unashika vumbi.

Sasa tuseme zako ni stepa, au umeamua kuweka sevo mpya za AC zinazopokea palsi. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo watu wanairuka, sijui kwa nini, ni ya darasa la sita tu. Skrubu ya milimita 5 kwa mzunguko, stepa ya stepu 200 iliyogawanywa mara 10, ni palsi 2000 kwa mzunguko, yaani 400 kwa kila milimita. Unataka mhimili ukimbie mita 6 kwa dakika, hiyo ni milimita 100 kwa sekunde, zidisha unapata palsi 40,000 kwa sekunde. Grbl ya kawaida, programu ndogo inayokaa kwenye kadi ya Arduino Uno, mwisho wake ni kama 30,000, imeshashindwa. Mach3 kwa poti ya paraleli, ile ya printa za zamani, ikiwa kwenye 25,000 nayo imeshindwa, itabidi uipandishe na uombe kompyuta ikubali. Ukiweka sevo yenye hesabu 10,000 kwa mzunguko na hujagusa gia ya elektroniki (mpangilio wa palsi ngapi kwa mzunguko) kwenye draiva, hapo unazungumzia palsi 200,000 kwa sekunde, poti ya paraleli isahau, tafuta kadi ya nje inayotengeneza palsi yenyewe.

Kuhusu Mach3 niseme wazi, sio programu mbaya, imelisha karakana nyingi na watu wanaijua. Lakini maendeleo yake yalishasimama, nguvu zikahamia Mach4, na draiva yake ya poti ya paraleli inataka Windows ya biti 32, mwisho wa safari ni Windows 7. Ukianza mradi leo kwa msingi huo unajifunga kwenye kompyuta kuukuu ambayo siku ikifa unaanza kuzunguka kutafuta dada yake. Ukiwa na kadi ya ethaneti au USB inawezekana kuendelea nayo kwenye Windows mpya, ila basi ukishafika huko ubora unategemea zaidi aliyeandika plagini ya hiyo kadi kuliko Mach3 yenyewe.

Grbl mi naipenda kwa ruta ndogo za mbao. Kwenye milingi ya tani mbili hapana. Mihimili mitatu tu, haina fidia ya plei ya skrubu (ulegevu wake inapogeuza mwelekeo), haijui M6, amri ya kubadili tuli (kikatio). Kuna grblHAL inayokaa kwenye chipu za biti 32 ambayo imeziba mengi ya haya, kwa milingi ndogo ya stepa inaweza kukufaa.

Afu kuna wale wasiotaka kusikia habari za kuhariri mafaili ya maandishi usiku, na siwalaumu. Kwao kuna Centroid Acorn, au Masso ambayo haihitaji hata kompyuta pembeni. Unalipa zaidi lakini unafunga waya kwa mchoro na kufuata menyu. Bei ya starehe hiyo utaiona siku unataka kitu ambacho mtengenezaji hakukifikiria, mfano kibadilisha tuli cha ajabu chenye silinda za hewa na swichi kumi na kitu. LinuxCNC kwenye hilo haina mpinzani kwa maoni yangu, ina HAL ambapo unaunganisha signali yoyote na yoyote kama waya, ina lada ndani (mantiki ya swichi kwa michoro) kama PLC, zile kontrola za viwandani, na M6 unaweza kuiandika upya ifuate hatua za mashine yako. Na ukitaka kukata nyuzi za skrubu ndani ya tundu kwa tepu (kikatio cha nyuzi) bila kishikio cha kuelea, ukifunga kwenye spindeli inayozungusha kikatio enkoda yenye palsi ya indeksi, yaani moja kwa kila mzunguko, amri ya G33.1 inafanya kazi hiyo. Ubaya wake ni kwamba wiki za mwanzo utasoma sana. Sana yaani.

Ukiichagua LinuxCNC, kompyuta usiipime kwa umri wala bei. Endesha kipimo cha leitensi kilichomo ndani, iache muda mrefu huku unafungua madirisha na kucheza video, uone ucheleweshaji mkubwa kabisa. Kwa palsi zinazotoka kwenye poti ya paraleli unataka chini ya maikrosekunde 20, kwa kadi ya Mesa ya ethaneti mambo ni mapana zaidi kwa sababu palsi inazitengeneza kadi. Laptopu nyingi zinafeli hapa hata ziwe mpya.

Kitu ambacho hakuna programu ya kuachiwa ni kuzima kwa dharura. Kitufe chekundu kikate umeme wa draiva kwa rilei au kontakta, kwa waya, programu ipewe taarifa tu kwamba umeme umekatwa. Ukiona mchoro ambao kitufe kinaingia kwenye kompyuta halafu kompyuta ndo iamue kuzima, huo mchoro usiufuate, hata kama mashine yake inaonekana inafanya kazi vizuri kwenye video.

Na kama kontrola ya zamani bado inawaka japo kidogo, kabla hujakata waya hata mmoja kaa nayo siku nzima. Piga picha kila ukurasa wa parameta, spidi ya juu ya kila mhimili, fidia ya plei, umbali kutoka swichi ya homu (pale mhimili unapoanzia kuhesabu), mpangilio wa gia za spindeli. Weka lebo kwenye waya zote, namba ya kiunganishi na namba ya pini. Haya utayaingiza kwenye programu yoyote utakayoichagua, na hakuna mwongozo wa mtandaoni utakaokupa namba za mashine yako wewe.