Kujiandaa Malindi kwa mbio za milima ya Taita

Ndugu yangu, umeuliza kama mazoezi ya ufukweni hapa Malindi yanatosha kabla hujaenda kukimbia peke yako katika njia za milima ya Taita mwezi Julai. Pumzi utakuwa nayo, lakini miguu bado. Mchanga hukaza vigimbi, ilhali mlimani kinachoumiza zaidi ni mteremko, kwa sababu misuli ya mapaja hulazimika kukaza huku ikivutika kila unapotua. Kwa hiyo nakusihi uende Marafa alfajiri, ukashuke na kupanda njia ya korongo kwa hatua fupi fupi.

Baridi nayo isikuhadae. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, hivyo fulana iliyolowa jasho itakugandisha mara tu utakaposimama. Funga kiunoni koti jepesi la kuzuia upepo, na unywe maji hata kama huhisi kiu. Zaidi ya yote, mwambie mwenyeji wako wa Wundanyi njia utakayoifuata na saa ya kurudi, maana ukungu ukishuka hata njia unayoijua hupotea.