Baba Krismasi kwenye kipaza sauti

Dada yangu wa Masasi, umeuliza kama ni haki gari la matangazo kupita mtaani likinadi nguo za sikukuu kwa maneno "Baba Krismasi hayupo, mzazi fungua pochi", hadi mwanao wa miaka sita akaingia ndani analia. Kwa maoni yangu si haki, kwani mwenye kuamua lini mtoto aambiwe ni mzazi, wala si mfanyabiashara anayewinda fedha za korosho.

Hata hivyo, ninaliogopa zaidi tangazo linaloilinda imani hiyo ili kuitumia, yaani lile linalomwambia mtoto kwamba Baba Krismasi anamsubiri dukani na zawadi yenye bei. Bibi zetu wanaposimulia habari za zimwi huanza na "Paukwa", watoto wakaitika "Pakawa", na kila mmoja akajua kwamba ameingia hadithini. Tangazo halina mlango wa namna hiyo, na mtoto mdogo hatambui kwamba anauziwa kitu. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipiga marufuku tangu 1980 matangazo ya biashara yanayolenga watoto wa chini ya miaka 13, nami naona lilifanya vyema.

Mwendee mwenye duka kwa upole, umwombe abadilishe maneno. Akikaidi, mwone mwenyekiti wa mtaa. Mwanao naye akiuliza, usimfiche: msimulie habari za Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, anayesifiwa kwa kuwapa maskini zawadi kwa siri.