Prosesa ikiwaka haimaanishi iko tayari

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Dodoma huku Nzuguni, nina miezi michache tu chumba cha seva, tuna Tandem NonStop, kompyuta iliyoundwa isisimame hata sehemu moja ikifa, ya prosesa nne na miamala yote inapita humo. Juzi usiku niliambiwa nirestati prosesa moja moja bila kukata huduma, nikazima namba 0, ikawaka vizuri, nikaenda namba 1 hapohapo, mara diski ikapotea na huduma ikakata. Si mashine hii haizimiki jamani? Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, kuzima hukukosea, hukusubiri tu. Tangu zianze kutoka 1976 hizi mashine kila prosesa ina memori yake na nakala yake ya mfumo endeshi, na programu muhimu zinakaa mbili mbili, mkuu prosesa hii na msaidizi prosesa ile, mkuu anamtumia mwenzake habari za kazi ilipofikia. Ulipozima 0 msaidizi wa kule 1 akashika usukani, sasa yuko peke yake. 0 ikarudi na mfumo endeshi, sawa, lakini msaidizi mpya lazima aundwe kwanza na apewe makabidhiano, kama walinzi wa zamu tu, mwenzako kuingia getini sio kwamba ameshajua usiku kimetokea nini. Wewe ukazima 1 katikati ya hapo.

Na usiseme mbona diski zina pacha, yaani diski ya pili yenye nakala ileile, pacha anakulinda diski ikifa, prosesa zote mbili zinazoiendesha zikilala pacha hana msaada kabisa!

Siku nyingine, kabla ya kuzima hamisha wakuu wote waende kwa wenzao, zima, pakia upya, halafu kagua kila diski na kila programu kama ina msaidizi tena, ndio uendelee. Kama diski zenu zimeunganishwa nyingine kwa prosesa 0 na 1, nyingine kwa 2 na 3, mimi ningeenda 0, 2, 1, 3 ili kila jozi ipate muda, ila kukagua kuko palepale. Uliza pia wenye programu zisizo na msaidizi, hizo zinakufa na prosesa yake.

Ukimaliza utakuta 0 na 2 zimebeba kazi yote, 1 na 3 zina wasaidizi tu, kwa hiyo gawanya wakuu upya kabla wateja wa asubuhi hawajaanza.