Ijumaa ile ya Desemba, na hesabu ya Wamaya

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, umewahi kuamini kwamba dunia inakwisha? Nini kilikutoa hofu?" Mimi sikuamini, lakini niliishi nyumba moja na mtoto aliyeamini, na habari yake ndiyo jibu langu.

Ilikuwa Desemba 2012, hapa Tanga. Mpwa wangu, miaka tisa, alikuwa amekuja kwetu likizo. Usiku wa tatu akakataa kulala. Nilipokwenda kumkalia kitandani akaniuliza, "Mjomba, ni kweli Ijumaa ndiyo Kiyama?" Wakubwa zake walikuwa wamemwonyesha kwenye simu picha ya jiwe la duara lenye uso uliotoa ulimi, na chini yake maneno kwamba Wamaya wa kale, watu wa Amerika ya Kati, waliandika dunia itakwisha tarehe 21 Desemba. Tarehe hiyo iliangukia Ijumaa. Mtoto aliyefundishwa chuoni kwamba Kiyama kitasimama siku ya Ijumaa, utamwambia nini?

Wala hawakuwa watoto peke yao. Jirani yetu mmoja aligoma kununua sare na kulipa ada ya mwanawe aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza. "Ada ya Januari ya nini, na Januari yenyewe haipo?" Kijana akaanza masomo Machi, wenzake wameshamwacha mbali. Linaniuma hadi leo.

Mimi nafundisha hisabati, nikaona dawa ya hofu hii ni kuihesabu hesabu yenyewe. Wamaya waliandika namba kwa alama tatu tu: nukta ni moja, mstari ni tano, gamba la kombe ni sifuri. Siku zao walizipanga kwa ngazi. Ngazi ya chini kabisa ni siku moja moja; zikifika 20, zinakuwa moja ya ngazi ya pili. Ngazi ya pili haingoji 20, ikifika 18 inapanda, kwa kuwa 18 mara 20 ni siku 360, karibu na mwaka mzima. Kutoka hapo ni ishirini ishirini tena: siku 7,200, kisha siku 144,000, na hizo 144,000 ndizo huitwa baktuni moja. Hesabu ilianzia Agosti ya mwaka 3114 kabla ya Kristo. Ijumaa ile zilikuwa zinatimia baktuni 13, yaani siku 1,872,000.

Alhamisi jioni tukakaa barazani. Komwe za bao zikawa nukta, njiti za kiberiti zikawa mistari, na kauri nne alizookota pwani zikawa sifuri. Tukaipanga tarehe ya siku ile: juu kabisa 12, chini yake 19, halafu 19 tena, halafu 17, na chini kabisa 19. Nikamwambia, "Haya, ongeza siku moja."

Akaweka komwe. 19 ya chini ikawa 20. Akaondoa komwe na njiti zote za ngazi ile, akaweka kauri, akapeleka moja juu. 17 ikawa 18, nayo imejaa: kauri. 19 ikawa 20: kauri. 19 ya pili, vilevile. Juu kabisa 12 ikawa 13, njiti mbili na komwe tatu, na chini yake kauri nne zimejipanga. Akazitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni kubeba moja tu!" Usiku ule alilala. Jumamosi asubuhi, hata chai hajanywa, alikwenda mwenyewe barazani, akaondoa kauri ya chini, akaweka komwe moja.

Baadaye nilisoma zaidi, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyowaonea huruma Wamaya kwa kusingiziwa. Lile jiwe la kwenye simu si lao hata kidogo. Ni la Waazteki, taifa jingine la kale la Mexico, lilifukuliwa Mexico City mwaka 1790, na lina uzito wa tani 24 hivi. Jiwe la Wamaya linaloitaja tarehe ya 2012 liko kwingine: ni bamba la maandishi la Tortuguero, jimbo la Tabasco, Mexico, ambalo limevunjika. Panaposomeka, panamtaja mungu aitwaye Bolon Yokte'. Dunia kuangamia hakutajwi. Na katika hekalu la Palenque, mji wa kale wa Wamaya, kuna maandishi yanayohusu kutawazwa kwa mfalme Pakal, aliyeshika kiti mwaka 615, na yanakwenda mbele hadi mwaka 4772. Mtu anayeamini dunia itafungwa 2012 anaweka miadi ya 4772?

Ni kweli Wamaya husimulia kwamba ziko dunia zilizotangulia hii: watu wa udongo waliolainika na kumomonyoka, watu wa miti walioangamizwa kwa gharika, ndipo tukaja sisi tulioumbwa kwa mahindi. Hapo ndipo wageni walipochota. Mwaka 1966 mwanaakiolojia wa Marekani, Michael Coe, alidokeza kwamba huenda Wamaya walitazamia maangamizi baktuni 13 zikitimia. Dokezo likakuzwa na wengine. Wakaja wa Nibiru, sayari ya kubuniwa tu, ambayo awali ilitabiriwa kuigonga dunia mwaka 2003. Ilipokosa kufika ikasogezwa hadi 2012.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua uvumi wa namna hii unaweza kufika wapi. Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja la dini waliwaambia waumini kwamba dunia itakwisha 31 Desemba 1999, na watu wakauza mali zao. Siku ikapita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa. Ndiyo maana anayesambaza tarehe ya Kiyama "kwa kuchangamsha kijiwe" simchekei.

Linalonigusa zaidi ni kwamba Wamaya hawakuulizwa, ilhali wapo, tena ni mamilioni, Guatemala, Mexico na Belize. Katika milima ya Guatemala, mahali kama Momostenango, wapo watunza siku, kwa lugha yao ajq'ij, ambao hadi leo wanaihesabu kalenda ya siku 260 na kupiga ramli kwa mbegu nyekundu za mti. Wana pia mwaka wa siku 365: miezi 18 ya siku ishirini ishirini, kisha siku tano za ziada. Msomaji wa pwani atakumbuka mwaka wetu wa Nairuzi, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za mwisho. Ni wakulima na mabaharia wanaotaka kujua wako wapi katika mwaka.

Hao ndio ambao dunia yao imeshawahi kumalizwa na binadamu wenzao. Mwaka 1562, huko Maní, Yucatán, Mexico, padri Diego de Landa aliwachomea vitabu vyao. Vilivyosalia na kujulikana leo ni vinne tu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala vya 1960 hadi 1996 watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na tume ya ukweli ilikuta kwamba katika kila wahanga 100 waliotambuliwa, 83 walikuwa Wamaya. Ilipofika 2012, jumuiya ya Wamaya ya nchini humo, Oxlajuj Ajpop, ililalamika hadharani kwamba siku yao inageuzwa biashara ya utalii.

Mpwa wangu aliniuliza, siku chache baadaye, "Wenyewe walifanya nini Ijumaa ile?" Sikuwa na jibu wakati huo. Sasa ninalo. Katika jimbo la Chiapas, Mexico, maelfu kwa maelfu ya Wazapatista, vuguvugu la wenyeji wanaodai ardhi na haki zao, wengi wao Wamaya, waliingia San Cristóbal, Ocosingo, Palenque na miji mingine, nyuso zimefunikwa, wakapita barabarani bila kutoa sauti. Kisha ukatoka ujumbe wao mfupi: "Mmesikia? Ni sauti ya ulimwengu wenu ukiporomoka. Ni ya ulimwengu wetu ukiinuka tena."