Aprili si kuchelewa, ila panda juu
Umeuliza kama Aprili ni kuchelewa mno kwenda kuteleza kwenye theluji Ulaya. Hapana, mradi uchague mahali pa juu. Val Thorens, Ufaransa, kijiji chenyewe kiko mita 2,300. Zermatt, Uswisi, unapanda hadi karibu mita 3,900. Usiku theluji huganda, alfajiri inakuwa ngumu kama jiwe, kisha jua huilainisha, na alasiri ni uji mzito unaochosha magoti. Basi anza na miteremko inayotazama mashariki, ambayo jua huifikia kwanza, na alasiri pumzika bila kujilaumu. Viatu vya kutelezea beba mwenyewe ndani ya ndege: begi likipotea, nguo utaazima, lakini kiatu kilichouzoea mguu wako utakipata wapi? Mafuta ya jua paka hadi chini ya kidevu, maana theluji hurudisha mwanga.