Muulize Fundi: Setilaiti Juu ya Mkokoteni wa Ng'ombe

SWALI: Shikamoo babu fundi. Mjomba ametuonyesha kwenye simu picha ya setilaiti ya India ikiwa imepakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe wawili. Wenzangu wamecheka, wanasema picha ya kutengeneza hiyo. Nchi inayorusha setilaiti inakosaje lori?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Urambo

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Picha ni ya kweli. Setilaiti hiyo iliitwa APPLE, ikarushwa tarehe 19 Juni 1981 kwa roketi ya Ariane, ya Wazungu wa Ulaya, kutoka kituo cha Kourou kule Amerika Kusini. Lori hawakukosa. Lori ndilo lililokuwa na matata.

Nikupe kisa changu. Meza yangu ya kazi iko chini ya mwembe hapa Tabora mjini. Siku moja nimemaliza redio ya mteja, inasema safi kabisa, likaja lori la tumbaku likaegesha hatua mbili kutoka nilipokaa. Redio ikaanza kukwaruza. Nikaifungua, nikapiga lehemu viungo ambavyo havikuwa na ubaya wowote, mteja kanisimamia mikono kiunoni. Lori likaondoka, taarifa ya habari ikarudi kama kawaida! Chuma kile kikubwa kilikuwa kinayarudisha mawimbi na kuyavuruga.

Sasa wale Wahindi walitaka kupima antena ya setilaiti yao uwanjani. Wangeipandisha kwenye lori, wangepima antena pamoja na bodi la lori. Mkokoteni wa mbao hauna makelele hayo, na ng'ombe hana antena. (Pembe hazihesabiki.)

APPLE ilikuwa ya majaribio, ya kujifunzia kuishikilia setilaiti ya mawasiliano kule juu, kilomita kama 36,000, ambako inazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo dishi lako haligeuki kuitafuta. Injini ya kuisogeza hadi huko waliitoa kwenye roketi yao wenyewe ndogo, SLV-3. Ilipofika, paneli moja ya jua kati ya mbili ikagoma kufunguka. Umeme pungufu, na bado waliitumia zaidi ya miaka miwili kwa majaribio ya televisheni na redio. Mimi hapo ndipo ninapowavulia kofia, kuliko kwenye mkokoteni.

Na haikuwa ya kwanza kuwasumbua. Aryabhata, setilaiti yao ya kwanza kabisa, kilo 360, ilirushwa na roketi ya Wasovieti Aprili 1975. Siku chache tu umeme ukakatika, majaribio ya kisayansi yakaishia hapo.

Hao wanaocheka, wapeleke ghala la tumbaku na redio ndogo. Waiwashe ubavuni mwa lori, kisha juu ya mkokoteni mbali na mabati. Redio ya bibi usiichukue bila kumwomba, maana ikirudi haisemi ataniletea mimi.